Mabadiliko ya Ngozi, Nywele na Mwili wa Mama Anapomwachisha Mtoto Ziwa

Mtoto anapoanza kuachishwa ziwa, macho ya nyumba nzima huwa kwake: amekula uji, amelala, amelia usiku mara ngapi. Mwili wa mama hausemwi. Hata hivyo ni katika majuma hayo hayo ambapo wanawake wengi huona chunusi za usichana zikirudi kidevuni, nywele zikibaki kwenye kitana, matiti yakijaa na kuuma kisha yakilegea, na hedhi ikija bila mpangilio baada ya kutoweka kwa miezi mingi. Mama akiuliza, hujibiwa kwa neno moja: homoni. Jibu hilo si la uongo, lakini halimfikishi popote, kwa sababu homoni zinazohusika ni nyingi na haziendi kwa mwendo mmoja. Zaidi ya hayo, baadhi ya anayoyaona hayatokani na kuachisha kabisa. Yalianzishwa siku aliyojifungua na yamechelewa tu kujitokeza. Kuyatenganisha haya ni muhimu, maana kila moja lina muda wake wa kuisha na tiba yake, na mama asiyejua tofauti hiyo huweza kutumia fedha na afya yake kutibu jambo ambalo lingeisha lenyewe, huku akivumilia jingine ambalo lilihitaji daktari.

Tuanze na kile ambacho kunyonyesha kwenyewe hufanya. Mtoto anapovuta chuchu, mishipa ya fahamu hupeleka taarifa hadi ubongoni, na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo humwaga homoni mbili: prolaktini, inayoyafanya matiti yatengeneze maziwa, na oksitosini, inayoyasukuma maziwa hayo yatoke. Wakati huo huo unyonyaji hupunguza ile homoni ambayo ubongo huitoa kwa vipindi ili ovari zikuze na kupevusha mayai. Kwa hiyo ovari hutulia, na estrojeni, homoni ya kike ambayo kwa sehemu kubwa hutoka humo, hubaki chini. Mama anayenyonyesha mara nyingi, hasa usiku ambapo prolaktini hupanda zaidi, anaweza kukaa miezi bila hedhi kwa sababu hii.

Estrojeni iliyo chini ina gharama zake ambazo hazitajwi sana kliniki. Ngozi hushika unyevu kidogo kuliko zamani, jasho la usiku huweza kulowesha shuka, na uke huwa mkavu kiasi cha kufanya tendo la ndoa liume. Dalili hizi zinafanana na za mwanamke aliyekoma hedhi, na chanzo chake kinakaribiana. Mama wa miaka 25 hatarajii kuambiwa hivyo, na wengi huliweka moyoni wakidhani mapenzi yao kwa mume yamekufa. Wanastahili kujua kwamba ni hali ya mwili, kwamba vilainishi vya maji vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa husaidia, na kwamba hili ni mojawapo ya mambo ambayo kuachisha ziwa huyaboresha badala ya kuyaharibu, kwa kuwa estrojeni hupanda tena ovari zinapoamka.

Ovari haziamki zote kwa siku moja, wala haziamki kwa utaratibu. Mtoto anapopunguziwa minyonyo, prolaktini hushuka, na ubongo huanza tena kutoa amri zake za zamani. Mizunguko ya kwanza mara nyingi huwa ya kusitasita: mmoja mrefu, mwingine mfupi, mmoja wenye damu nyingi, mwingine usio na yai lililopevuka. Lipo jambo hapa ambalo kila mwanamke anapaswa kulijua kabla halijamkuta, nalo ni kwamba yai la kwanza linaweza kupevuka kabla ya hedhi ya kwanza. Njia ya kunyonyesha kama uzazi wa mpango inaaminika kwa zaidi ya asilimia 98, lakini kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja: mtoto awe chini ya miezi 6, hedhi iwe haijarudi, na mtoto awe ananyonya maziwa ya mama tu, mchana na usiku. Uji ukishaanza na minyonyo ikapungua, kinga hiyo imeondoka, hata kama mama hajaona damu. Wapo wanaokuja kliniki wakilalamikia kichefuchefu, matiti kuuma na ngozi kubadilika, wakiamini ni uchovu wa kuachisha, kumbe ni mimba.

Katika jamii zetu nyingi jambo hili limezungukwa na hofu ya kumbemenda mtoto, yaani imani kwamba wazazi wakirudi kukutana kimwili kabla mtoto hajaacha ziwa, maziwa huharibika na mtoto hudhoofika. Maziwa hayaharibiki kwa tendo hilo. Kinachoweza kutokea ni kwamba mimba mpya hupunguza wingi wa maziwa, na mtoto anapoachishwa ghafla kwa sababu ya mimba hiyo, bila chakula cha kutosha cha kuchukua nafasi ya ziwa, hukonda kweli. Hivyo mtoto aliyedhoofika alionekana, na sababu ikatafutwa mahali pasipo pake. Mama aliyeshika mimba angali ananyonyesha hana haja ya kukata ziwa siku hiyo hiyo kwa hofu; azungumze na mhudumu wa afya kwanza.

Sasa ngozi ya uso. Ovari na tezi zilizo juu ya figo za kila mwanamke hutengeneza kiasi cha androjeni, homoni ambazo tumezoea kuziita za kiume, na hizo ndizo huchochea tezi ndogo za mafuta zilizo chini ya ngozi. Mzunguko wa hedhi unaporudi, uwiano kati ya estrojeni, projesteroni na androjeni huyumba kila mwezi, na kwa mwanamke ambaye ngozi yake ina wepesi wa kupata chunusi, mafuta huongezeka, vinyweleo huziba, na bakteria hupata pa kuzaliana. Chunusi za namna hii zina mahali pake. Hukaa kidevuni, kwenye taya na juu ya shingo. Huwa za ndani, ngumu na zenye kuuma zinapoguswa, na huzidi siku chache kabla ya hedhi kisha hupungua. Mama akiandika tarehe za chunusi na za hedhi kwa miezi miwili au mitatu, mara nyingi ataona zinafuatana, na hapo hatahitaji mtu wa kumthibitishia.

Kwa ngozi nyeusi, tatizo kubwa mara nyingi si chunusi yenyewe bali doa linalobaki. Kila chunusi iliyobinywa kwa kucha huacha alama inayoweza kukaa miezi, na ni alama hizo zinazompeleka mama kutafuta dawa kali. Kinachofaa ni kunawa uso kwa sabuni isiyokausha mara mbili kwa siku, kuacha mafuta mazito yanayoziba ngozi, na ikibidi kutumia dawa ya kupaka yenye benzoili peroksaidi au asidi azelaiki, ambazo zinaweza kutumika hata na mama ambaye bado ananyonyesha mara chache, mradi asizipake mahali ambapo mtoto atagusa kwa mdomo. Vidonge vya isotretinoini, dawa ya chunusi kali, ni habari nyingine kabisa. Husababisha ulemavu mkubwa kwa mtoto aliye tumboni, na kwa kuwa tumeona kwamba yai huweza kupevuka kabla ya hedhi kurudi, mwanamke asivitumie bila kipimo cha mimba, uzazi wa mpango wa uhakika na usimamizi wa daktari.

Kuna mtuhumiwa mwingine ambaye husahaulika. Wanawake wengi huwekewa kijiti au kuchomwa sindano ya uzazi wa mpango katika mwaka ule ule wa kunyonyesha, kwa sababu njia hizo zina projestini, homoni ya kutengenezwa inayofanana na projesteroni, peke yake na hazipunguzi maziwa kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Kwa baadhi yao kijiti huongeza chunusi, na vyote viwili huweza kuvuruga hedhi kabisa. Mama aliyewekewa kijiti mwezi wa nne na kuanza kuachisha mwezi wa sita hawezi kujua kwa kutazama kioo ni kipi kilichomletea chunusi. Asikitoe kwa hasira. Aeleze tarehe zote mbili kliniki. Vidonge vyenye homoni mbili, yaani estrojeni na projestini, hupunguza chunusi kwa wengi, lakini mama anayenyonyesha kwa kawaida hushauriwa asubiri hadi mtoto afikishe miezi 6.

Kuhusu nywele, kalenda ndiyo inayosema ukweli. Katika hali ya kawaida sehemu kubwa ya nywele za kichwani huwa zinakua, chache huwa zimepumzika zikisubiri kudondoka, na mtu hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku bila kugundua. Wakati wa ujauzito, estrojeni nyingi huzifanya nywele zikawie katika hatua ya kukua, ndiyo maana wajawazito wengi husifiwa nywele zao. Mtoto akizaliwa na kondo likatoka, estrojeni huanguka ndani ya siku chache, na nywele zilizokuwa zimekawia huingia kupumzika kwa pamoja. Hukaa hivyo miezi miwili hadi mitatu, halafu hudondoka karibu wakati mmoja.

Sasa tuweke hesabu hiyo juu ya maisha ya mama anayefanya kazi ya kuajiriwa. Likizo ya uzazi nchini Tanzania ni siku 84 kwa mtoto mmoja, na Kenya ni miezi mitatu. Mama anarudi kazini wakati ule ule nywele zinapokomaa kudondoka. Siku hizo ndizo anapoanza kumwachia dada wa kazi kikombe na kijiko, minyonyo ya mchana inakatika, na jioni akichana nywele pembeni mwa paji la uso anaona ngozi. Anahitimisha kwamba kupunguza kunyonyesha ndiko kulikomnyonyoa. Lakini nywele zile zilipewa amri ya kudondoka akiwa bado wodini. Zingedondoka hata kama angeendelea kunyonyesha saa zote, na kwa wanawake wengi hujirudi zenyewe kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja na nusu. Kinachozizuia zisirudi vizuri ni kusuka kwa kubana sana, nywele za bandia nzito na dawa kali za kulainisha zinazopakwa juu ya ngozi ambayo tayari imelegea. Mistari ya mbele ikishavutwa kwa miaka, mizizi huweza kufa na hapo homoni hazina tena la kufanya.

Madoa meusi ya mashavuni, juu ya mdomo na kwenye paji la uso, ambayo huanza ujauzitoni, nayo hufifia polepole baada ya kujifungua, sawa na mstari mweusi wa tumboni na weusi ulioongezeka kuzunguka chuchu. Jua huyarudisha, na njia za uzazi wa mpango zenye estrojeni huweza kuyarudisha pia. Hapa nasema kwa uzito wote, kwa sababu ndipo madhara makubwa hutokea: mkorogo. Krimu za kuchubua zinazouzwa mitaani bila maelezo yaliyokamilika zimekutwa mara nyingi na zebaki, haidrokwinoni au steroidi zenye nguvu. Zebaki hupenya ngozi, huharibu figo na mfumo wa fahamu, na hupita kwenye maziwa. Pia mtoto huipata kwa kulala kifuani mwa mama aliyejipaka na kushika taulo na nguo zake. Mkataba wa Minamata, makubaliano ya kimataifa kuhusu zebaki, hapo awali uliweka kikomo cha sehemu 1 ya zebaki kwa milioni katika krimu hizi kwa sababu ya hatari hiyo, na nchi zetu zimezipiga marufuku, lakini zinaendelea kuuzwa. Steroidi nazo hung'arisha uso kwa majuma machache, kisha huufanya mwembamba, wenye mishipa inayoonekana na chunusi ambazo huzidi kila mama anapojaribu kuacha. Kofia pana, mtandio, krimu ya kukinga jua na subira ya miezi kadhaa hufanya kazi nzuri zaidi kwa madoa ya ujauzito kuliko chochote kilichokorogwa kwenye kopo lisilo na jina.

Matiti yana kanuni yake, na ni kanuni inayomzawadia anayekwenda taratibu. Maziwa yanapobaki titini bila kutolewa, titi lenyewe hupokea ishara ya kupunguza utengenezaji, bila kusubiri amri ya ubongo. Chembe zilizokuwa zikitengeneza maziwa hufa kwa mpangilio, na mafuta huchukua nafasi yao kwa majuma na miezi. Mnyonyo mmoja ukiondolewa kila baada ya siku kadhaa, mwili huendana na mabadiliko hayo. Kwa mama anayeishi na virusi vya UKIMWI, Shirika la Afya Duniani hushauri pia kwamba kunyonyesha kusikatishwe ghafla bali kupunguzwe ndani ya mwezi mmoja, mama akiendelea kumeza dawa zake bila kukosa.

Njia iliyozoeleka katika familia nyingi ni kinyume cha hapo. Mtoto hupelekwa kwa bibi kijijini Ijumaa, na kufikia Jumapili titi la mama ni gumu kama jiwe. Wengine hupaka chuchu shubiri, mwarobaini au pilipili ili mtoto alikatae ziwa. Nimeona ngozi ya chuchu ikiwa imepasuka na kuchubuka kwa sababu ya pilipili, na kupitia mipasuko hiyo bakteria huingia kwenye titi lililokwisha kujaa. Kulifunga titi kwa kanga iliyokazwa nako huziba mirija na kuzidisha uvimbe. Sidiria inayoshika vizuri bila kubana inatosha. Mama aliyejaa akamue kidogo tu, kiasi cha kuondoa maumivu na si kulimaliza titi, aweke kitambaa cha maji baridi, ameze parasetamoli au ibuprofeni, na asilisugue kwa nguvu. Dawa ya kukausha maziwa iitwayo bromokriptini, ambayo bado huombwa na baadhi ya wagonjwa, iliondolewa idhini ya matumizi hayo nchini Marekani katikati ya miaka ya 1990 kwa sababu ya taarifa za kiharusi na degedege, kwa hiyo isinunuliwe dukani kama pipi.

Vitabu vingi hueleza uvimbe wa titi kwa kusema ngozi huwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Mama atumie mkono badala ya jicho: sehemu moja ya titi huwa ya moto kuliko nyingine, ngumu, inayong'aa kwa kuvutika, pengine nyeusi zaidi au ya zambarau, na inauma ikiguswa. Akipata pia homa na mwili kutetemeka, au dalili hizo zikapita siku moja bila kupungua, aende hospitali, kwani usaha ukishakusanyika jipu huhitaji kutolewa na mtaalamu.

Baada ya maziwa kukauka, titi huwa dogo na laini kuliko lilivyokuwa, na wanawake wengi hulaumu kunyonyesha. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 uliwachunguza wanawake waliokwenda kwa wapasuaji kwa ajili ya kurekebisha umbo la matiti, ukakuta kwamba idadi ya mimba, umri, uzito wa mwili na uvutaji wa sigara ndivyo vilivyohusiana na kulala kwa matiti, na kwamba kunyonyesha hakukuwa sababu inayosimama peke yake. Ngozi hunyooshwa na ujauzito, kabla mtoto hajaonja tone.

Uzito nao hubadilika kwa sababu inayohesabika. Kunyonyesha maziwa pekee hutumia takriban kalori 500 kwa siku, na hamu ya kula iliyozoea kiwango hicho haishuki siku maziwa yanapokoma. Habari njema zaidi, na isiyosemwa, ni ya mifupa. Katika miezi ya kunyonyesha mama hupoteza takriban asilimia 3 hadi 5 ya madini ya mifupa yake ili kumpa mtoto kalsiamu, na baada ya kuachisha mwili huyarudisha katika kipindi cha miezi 6 hadi 12. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa ya mtindi na mboga za majani vinafaa sana katika kipindi hicho.

Wako pia wanaopatwa na huzuni wasiyoielewa majuma ya kuachisha, hata kama wao wenyewe ndio walioamua. Kushuka kwa prolaktini na oksitosini kunaweza kuchangia, sawa na usingizi mbovu na hisia ya kuachana. Kwa wengi hupita. Huzuni ikidumu zaidi ya majuma mawili, mama akikosa hamu ya kumshika mtoto au akafikiria kujidhuru, hiyo ni sonona na inatibika. Ndugu zake wasimwambie anadeka, wampeleke kwa daktari.

Yapo mwishowe magonjwa mawili yanayojificha nyuma ya kuachisha, na yote hupatikana kwa kipimo cha damu. La kwanza ni uvimbe wa tezi ya thairodi iliyo shingoni, unaompata takriban mwanamke mmoja kati ya 20 ndani ya mwaka mmoja baada ya kujifungua. Mwanzoni tezi humwaga homoni nyingi, na mama hutetemeka, hupungua uzito na moyo huenda mbio; baadaye homoni hupungua, na hapo huja ngozi kavu, nywele kudondoka, kuhisi baridi, kunenepa na uchovu, yaani karibu orodha nzima ambayo jirani angeiita homoni za kuachisha. La pili ni upungufu wa damu, hasa kwa aliyepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua na ambaye sasa hedhi nzito imerudi. Maziwa yanayodondoka kidogo kwa majuma kadhaa baada ya mtoto kuacha ziwa ni ya kawaida, lakini yakiendelea kupita miezi 6, au yakiambatana na hedhi kutorudi, kuumwa kichwa mara kwa mara au macho kuona vibaya pembeni, prolaktini ipimwe, kwa kuwa tezi ya pituitari yenyewe huweza kuwa na uvimbe mdogo. Anayekwenda kupimwa aandike kwenye karatasi tarehe aliyojifungua, tarehe aliyoanza kupunguza minyonyo, tarehe ya hedhi ya kwanza, njia ya uzazi wa mpango aliyopewa na siku aliyopewa, pamoja na kila krimu aliyojipaka, hata ile anayoona haya kuitaja.